Ombi la Kuliajiri Gugu Maji

Ofisi ya Udhibiti wa Magugu,
Kituo cha Bwawani,
Chumba cha nyuma, mlango unaokwama.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Idara ya Kupendezesha na Kulinda Mazingira,
Makao Makuu.

KUHUSU: MALALAMIKO DHIDI YA GUGU MAJI, NA OMBI LA KULIINGIZA KATIKA MIPANGO RASMI YA IDARA ILI LIFE

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na umekwisha kunywa chai, maana nimeambiwa kwamba kabla ya chai hupokei malalamiko. Mimi ni karani msaidizi katika kituo hiki. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na sijawahi kumwandikia mtu yeyote mwenye zulia ofisini. Ukiona herufi zimeyumba, naomba zisihesabiwe kuwa utovu wa adabu.

Najua kwamba barua hii ilipaswa kupitia kwa mkuu wangu wa kituo. Watu wa hapa wanamwita Mzee Mchakato. Hawamwiti hivyo kwa ubaya. Ni kwa sababu ukimuuliza jambo lolote, hata kama maji ya kunawa yapo, atakujibu kwamba jambo hilo liko kwenye mchakato. Namheshimu kama baba. Lakini barua zinazoingia mezani kwake hazitoki, na hii ina haraka.

Kwa kuwa uko mbali, naomba nieleze kwanza hali ilivyo. Bwawa letu ndilo linalowapa maji watu wa mji mzima. Sasa halionekani. Mgeni akisimama ukingoni ataona uwanja wa majani mabichi, mazito, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na juu yake maua ya zambarau yamesimama wima kama watoto wa shule waliopangwa kumpokea mgeni. Chini ya uwanja huo ndipo maji yalipo, kwa mujibu wa kumbukumbu zetu. Hilo ndilo gugu maji. Linaelea, halikushikwa na ardhi. Unalisukuma huku, linatokea kule. Unalikata moja, yanakuwa mawili, na yote mawili yanakutazama. Vitabu vya ofisi vinasema ni mimea michache sana duniani inayoongezeka upesi namna hiyo. Vitabu vyenyewe vimeota ukungu, lakini hilo nitaliletea barua yake.

Malalamiko yangu dhidi ya gugu hili ni kama ifuatavyo:

1. Halifuati saa za kazi. Sisi tunafungua asubuhi, tunapumzika mchana, tunafunga jioni, na siku za mapumziko hatuonekani. Lenyewe linakua siku zote, hata sikukuu. Kila Jumatatu tunakuta limesonga mbele bila kutushirikisha. Mzee Mchakato aliagiza tusimike kigingi kila Ijumaa mahali lilipofika, ili tujue mwendo wake. Tulisimika. Jumatatu hatukukiona kigingi. Akaagiza kigingi kirefu zaidi, nacho kikamezwa. Sasa tunayo kamati ndogo ya vigingi, na gugu bado halijahudhuria kikao chake hata kimoja.

2. Limeiteka boti ya serikali. Boti yetu ya doria ilitolewa ili ikakague gugu limeenea kiasi gani. Ilipofika katikati, gugu likajifunga nyuma yake kama pazia, na pangaboi la injini likajisokotea majani mpaka likawa kama kichwa kilichotoka saluni. Nahodha tulimvuta nchi kavu kwa kamba, amekaa juu ya pipa tupu, akituomba tusimwambie mkewe. Boti ilibaki. Tangu hapo Mzee Mchakato ananiamuru kila asubuhi niandike kwenye taarifa kwamba boti iko eneo la kazi. Siwezi kusema ni uongo. Ndege wa majini wamejenga kiota kwenye usukani na wana makinda. Makao Makuu mlituandikia kutupongeza kwa kuwa na boti isiyopumzika, na pongezi hizo tumezibandika ukutani, mahali ambapo rangi imebanduka.

3. Linawahadaa raia kwa uzuri wake. Maharusi wanakuja ukingoni kupiga picha, wananipungia mkono dirishani na kuishukuru ofisi kwa bustani. Siku moja mpiga picha, kijana mmoja mwenye fulana ya mifuko mingi, aliwaambia maharusi warudi nyuma kidogo, kisha akaona heri arudi yeye. Akarudi. Akarudi tena. Akasema, "Hapo hapo, tabasamu!" na hatukumwona tena. Kofia yake ilibaki juu ya majani kana kwamba imepandwa. Tulipomwopoa kwa reki alikuwa ameinua kamera juu ya kichwa kama mama anayemwokoa mtoto, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmetabasamu?" Bibi harusi alikuwa amecheka mpaka kope za kubandika zimedondoka. Bwana harusi alituuliza kama ofisi inayo burudani nyingine ya bure kama hiyo. Nilimjibu kwa maandishi kwamba hatuna.

4. Linaiua pampu. Pampu ya mji inakohoa kama mzee aliyemeza mwiba wa samaki. Fundi wake anazibua chujio asubuhi, anazibua mchana, na jioni analikuta limejaa majani kana kwamba hakuligusa. Majuzi alikuja kwenye dirisha langu amebeba kapu kichwani, akaniambia, "Karani, mimi siku hizi si fundi wa pampu. Mimi ni muuza mboga. Nitafutie mteja." Huko majumbani watu wakifungua bomba inatoka pumzi tu, ndefu, ya masikitiko. Jirani yetu mmoja anasema bomba lake limeanza kumjibu.

5. Mbu. Sina haja ya kueleza. Madoa mekundu utakayoyaona kwenye ukurasa huu ni damu, na ni yangu.

6. Shangazi yangu. Hapa naomba uvumilivu wako, maana mhusika ni wa nyumbani kwangu.

Shangazi ni dobi. Ndiye aliyenilea, na kila darasa nililosoma lilitoka kwenye beseni lake. Anafulia ukingoni mwa bwawa pamoja na wenzake, kwa mikono, na mteja wake mkubwa ni nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi, yenye mashuka meupe mengi kuliko wageni. Tangu gugu lifunge ukingo, anachota maji kwa kopo kupitia tundu dogo kati ya majani, na mashuka yanatoka na rangi ya kijani. Mwenye nyumba ya wageni ni mtu mpole. Alisema tu kwamba wageni wanalalamika, wanaamka wakijihisi wamelala shambani. Kisha, kwa upole uleule, akampa shangazi mpaka mwisho wa mwezi. Mashuka yakiendelea kuwa kijani, kazi itahamia kwa dobi mwenye mashine upande wa pili wa mji. Shangazi hana kazi nyingine, na mikono yake haijui kukaa bure. Akikosa cha kufua atanifua mimi.

Labda utauliza kwa nini asing'oe gugu lililo mbele yake. Ndugu Mkurugenzi, anataka. Wenzake wote wanataka, wana kamba, wana nguvu, wana hasira za kutosha mabwawa matatu. Lakini tunayo kanuni, tena ya Idara yenyewe, kwamba raia haruhusiwi kung'oa, kukata, kusogeza wala kulisumbua gugu bila kibali, kwa kuwa kazi hiyo ni ya wataalamu. Kibali kinatolewa na ofisi yetu. Anayepokea maombi ni mimi. Anayeyaidhinisha ni Mzee Mchakato. Shangazi alileta ombi lake likiwa limepigwa pasi. Nililipokea, nikaligonga muhuri, nikalipeleka mezani kwa mkuu, na huko liliko hata mimi sijui.

Kila jioni nikirudi nyumbani ananipokea mkoba kama kawaida, ananiwekea chakula kama kawaida, kisha anaanza. "Karibu, Mheshimiwa Magugu. Mtoto wenu ameshindaje huko bwawani?" Nikianza kula, anasogeza kiti. "Nakuuliza wewe, mwana wa kaka yangu. Nilikusomesha ili ukae dirishani ulitazame?" Nikimwambia, shangazi, jambo hili liko kwenye mcha..., sijawahi kulimaliza neno hilo. Ananirushia sabuni. Ya mche, si ya unga.

Wiki hii mambo yamekuwa mabaya zaidi. Mtu fulani ameripoti kwamba gugu limeng'olewa ukingoni, kiasi cha mabeseni mawili, na kwamba aliyeling'oa alikuwa akilisema vibaya. Mzee Mchakato ameniamuru niandike barua ya onyo kwa mkosaji na niipeleke mwenyewe mkononi. Nimeiandika. Iko mfukoni mwangu sasa hivi. Inaanza kwa "Shikamoo Shangazi," na baada ya hapo inataja vifungu. Nisipoipeleka, kipindi changu cha majaribio kitaishia vibaya. Nikiipeleka, sijui nitakula wapi.

7. Baada ya mvua ya juzi, gugu limefika kwenye ngazi za ofisi. Naliona kutoka nilipokaa. Lina ua moja. Ua limenielekea.

Sasa nije kwenye ombi langu.

Wazo lenyewe si langu lote, na sipendi kujivika kanzu ya mwenzangu. Juzi, shangazi akinipakulia, alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani mwenye bomba linalojibu: "Nyinyi watu wa Idara mna mikono ya ajabu. Kila mnachokishika kinakufa. Basi si mlishike na hilo gugu, likafe na lenyewe!" Alikuwa ananitukana. Lakini mimi nimesoma, na nilifundishwa nisiidharau hoja kwa sababu ya sauti iliyoibeba. Niliweka kijiko chini. Chakula kilipoa nikiwaza, na kadiri nilivyowaza ndivyo nilivyoona kwamba shangazi, bila kukusudia, amegundua njia ya kisayansi.

Tazama ushahidi. Ile miti ya kivuli kando ya barabara ilipandwa na Idara, ikapigiwa makofi, ikajengewa uzio, ikawekewa bango. Leo bango lina afya njema. Nyasi za mbele ya ofisi yetu zilikuwa zimejiotea zenyewe, mbuzi wa mlinzi walikuwa wakizisifu kwa vitendo. Tulipoziundia Kamati ya Nyasi zilikauka kabla ya kikao cha pili, na kikao cha pili kilifanyika palepale kwa kuwa palikuwa na nafasi. Vifaranga vya samaki vilivyoletwa kupandikizwa bwawani vilikaa juani kwenye ndoo vikimsubiri mgeni rasmi, na mgeni rasmi alipofika alitoa hotuba kwanza.

Halafu kuna mbawakavu. Hili naliandika kwa uchungu. Idara ilinunua wadudu wadogo ambao chakula wanachokipenda kuliko vyote ni gugu maji. Walifika wazima kwenye visanduku vyao. Ukiweka sikio unawasikia wanavyokwaruza, wana njaa ya kazi, sijawahi kuona watumishi wa namna ile. Lakini mali yoyote inayoingia kituoni lazima ipokelewe stoo, ikaguliwe, isainiwe, ndipo itolewe. Wakiwa bado stoo wanasubiri saini, ikafika siku ya kupulizia stoo dawa ya kuua wadudu, kwa mujibu wa ratiba. Aliyepulizia alivaa barakoa, akafuata maelekezo yote, na akawa mwangalifu asikiruke kisanduku hata kimoja. Tuliwazika nyuma ya choo. Mzee Mchakato alisema maneno machache, na saini ikafika wiki iliyofuata.

Hata ua la plastiki lililo mezani kwake limenyauka. Sijui limewezaje. Limeinama.

Kwa upande mwingine, vitazame vile ambavyo Idara haijavigusa: mbuzi wa mlinzi, uvumi, mashimo ya barabarani, makinda waliomo kwenye usukani. Vyote vinastawi. Kosa letu basi liko wazi kama jua la mchana. Tumelipiga vita gugu hili. Tumeliita adui, tumelifungia nje ya mfumo, na huko nje, mahali pasipo na vikao, ndiko linakopata afya yake. Anayetaka kulikomesha asilifukuze. Alikaribishe ndani na alipe kiti.

Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo:

(a) Gugu maji litangazwe kuwa mradi rasmi wa Idara, na mradi upewe jina refu kiasi kwamba likifupishwa kwa herufi za mwanzo lisitamkike. Miradi ya namna hiyo haijawahi kufika mbali.

(b) Ufanyike uzinduzi, na mgeni rasmi uwe wewe mwenyewe. Wananchi wasisumbuliwe. Hotuba isomwe ukigeukia bwawani, yote, pamoja na utangulizi na shukrani kwa wadau. Nimeona hotuba ilivyowafanya samaki.

(c) Iagizwe mbolea kwa ajili ya gugu. Nasisitiza: iagizwe tu. Katika historia ya kituo hiki mbolea iliyoagizwa haijawahi kufika, na mmea uliowahi kuisubiri mbolea hiyo haujawahi kupona.

(d) Gugu liwekewe lengo la kuongezeka maradufu. Naomba uitazame hoja hii kwa jicho la pekee. Idara yetu haijawahi kufikia lengo. Safari hii, tukishindwa kama kawaida, gugu litakuwa limepungua na mji utatushangilia. Na ikitokea kwa bahati mbaya likaongezeka, tutakuwa tumefikia lengo kwa mara ya kwanza, na mtatushangilia nyinyi. Nimeligeuza jambo hili juu chini na sijaona mlango wowote wa kushindwa. Nilipofika hapa nilisimama na kuzunguka meza kwa furaha. Chumba ni kidogo, nilizunguka upande mmoja tu.

(e) Mche mmoja, ukiwa ndani ya ndoo, upelekwe semina kwa niaba ya mingine yote. Sijawahi kumwona mtu aliyerudi kutoka semina akiwa na nguvu za kuendelea na alichokuwa akikifanya.

(f) Gugu liajiriwe. Lisipewe ajira kamili. Liwe kwenye kipindi cha majaribio, bila kuambiwa kinaisha lini. Hapa najisemea mwenyewe. Nilipoingia kazini nilikuwa na maua. Nilikuwa nikiongea kwa sauti, nikitembea kwa hatua ndefu, nikifikiri mambo makubwa. Tangu hapo sijaongezeka hata unene wa kidole. Kila nikitaka kuchipua nasikia kikohozi cha mkuu ukutani, narudi ndani. Kama majaribio yameweza kunifanya hivi mimi, niliyelelewa na dobi, gugu litastahimili nini?

(g) Wakati hayo yote yakiendelea, madobi waruhusiwe kufungua sehemu ndogo ya ukingo. Ombi hili ni dogo na halina sayansi ndani yake. Ikiwa mengine yatakataliwa, naomba hili lisikataliwe. Upana wa shuka moja unatosha.

Nimeandika haya kwa nia njema na kwa hofu nyingi. Naomba majibu yatumwe moja kwa moja kwangu, wala bahasha isiandikwe neno "haraka," maana yenye neno hilo huwekwa chini kabisa ya rundo.

Nisalimie wote wa Makao Makuu: wakuu wa vitengo, makarani wenzangu waliokwisha kuthibitishwa kazini na wale wanaosubiri, dereva wako, mpika chai, na yule dada wa mapokezi ambaye nikipiga simu huniambia subiri kwa sauti nzuri sana. Shangazi naye angekusalimia, ila salamu zake nimeona nizipunguze makali kwanza, na baada ya kuzipunguza hakikubaki kitu.

Mimi niliye chini yako, na karibu niwe chini ya gugu,
Karani Msaidizi.

Nyongeza: Ndugu Mkurugenzi, barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha jana nilipokwenda kumpelekea shangazi lile onyo. Naifungua tena leo, na matope ya viwikoni bado hayajatoka. Niwie radhi kwa uchafu. Madoa ya mwanzo ni ya mbu, haya ya mwisho ni ya bwawa.

Niliwakuta madobi wote ndani ya maji. Walikuwa wamelizungushia gugu kamba za kuanikia nguo, wa huku wanavuta, wa kule wanasukuma, wote wakilitukana kwa mpangilio mzuri, mmoja akianza na wengine wakiitikia. Fundi wa pampu alikuwepo na kapu lake. Yule mpiga picha naye alikuwepo, amejaa kinyongo, kamera ameiacha nchi kavu. Nilisimama ukingoni, nikatoa barua mfukoni, nikaanza kuisoma: "Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba," akasema. "Shika hapa." Akanipa ncha ya kamba.

Mtu akipewa kitu na aliyemlea, mkono hupokea kabla akili haijauliza. Nilivuta. Barua ya onyo ilianguka majini. Naripoti kwamba imemfikia mhusika, kwa kuwa aliikanyaga.

Tulivuta mpaka jua likainama. Gugu tulilipakia kwenye mikokoteni, tukalipeleka mbali na maji likauke juani, kama vitabu vyetu vinavyoagiza. Ukingoni, pale lilipokuwa limelala, tukakuta bamba kubwa la zege, limeanguka kifudifudi. Shangazi alilipapasa akasema hajawahi kuona jiwe zuri la kufulia kama hilo. Tukaligeuza. Lilikuwa na maandishi, nami nayanakili hapa kwa heshima zote: "MRADI WA KUPENDEZESHA BWAWA. MAUA HAYA YAMEWEKWA MAJINI RASMI NA MKURUGENZI MKUU, KWA MIKONO YAKE MWENYEWE." Chini yake lilichongwa jina lako kamili, na vyeo vyako vimefuata kwa rangi ya dhahabu.

Kwa hiyo hoja yangu yote imekufa, na naomba radhi kwa maziko yake. Kumbe gugu hili lilikwisha kuwa mradi. Lilizinduliwa, likahutubiwa, na bado likaishi. Kati ya vyote ambavyo Idara imewahi kupanda, ni hili peke yake lililostawi. Naondoa maombi (a) mpaka (f). Hasa nakusihi usije kuzindua kitu chochote, na ukiwa karibu na maji yoyote, naomba mikono ibaki mifukoni. Ombi (g) nalibakiza kwa ajili ya jalada, ingawa limekwisha kutekelezwa kwa upana wa mashuka mengi.

Mzee Mchakato alikuja kutazama. Alisimama juu ya jiwe lako, akalisoma mara mbili, akasema hajaona kitu. Kisha akavua viatu, akakunja suruali, akauliza kamba iko wapi. Sijawahi kumsikia akiuliza kitu kinachoweza kujibiwa.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonitia hofu. Lile jiwe ni mali ya serikali, na nilimwambia shangazi hivyo. Lakini amekwisha kulilaza maandishi juu, na leo tangu asubuhi amefulia hapo mashuka ya nyumba ya wageni, yote. Yako kambani sasa. Ni meupe mpaka yanaumiza macho. Mwenye nyumba ya wageni alipita, akayashika, akaondoka bila kutaja mashine. Vyeo vyako vimetoka na povu la kwanza, kwa kuwa vilikuwa vya rangi tu. Jina lilichongwa, kwa hiyo bado lipo, na shangazi analisugulia kwa nguvu zake zote. Nimemsihi walau hapo apite polepole. Anasema hapo ndipo doa linapotoka.